Nani mwenye msiba? Kuufumbua mgogoro wa kituo cha Kiislamu karibu na Ground Zero

Asubuhi ya Septemba 11, 2001, ndege ya pili ilipougonga mnara wa kusini wa World Trade Center, sehemu ya mtambo wa magurudumu yake ilichomoka, ikapita juu ya mitaa ya New York na kutoboa paa la duka la nguo lililokuwa nambari 45, Park Place. Lilikuwa jengo la ghorofa tano lililojengwa miaka ya 1850, na kampuni ya Burlington Coat Factory ilikuwa ikiuza makoti humo. Duka likafungwa siku hiyo na halikufunguliwa tena. Kwa miaka minane jengo likakaa tupu, katikati ya eneo ambalo ardhi yake ni miongoni mwa zenye bei ghali kabisa duniani.

Julai 2009 likapata mnunuzi. Kampuni ya Soho Properties, iliyokuwa ikiongozwa na Sharif El-Gamal, mzaliwa wa New York, ililipa karibu dola milioni 4.85. Kabla mwaka haujaisha, mamia ya Waislamu walikuwa wakisali Ijumaa humo ndani, na mwenye jengo pamoja na imamu mmoja maarufu wa mji huo, Feisal Abdul Rauf, walikuwa wameshaanza kuzungumzia kulivunja na kujenga kituo kikubwa mahali pake. Kiangazi cha 2010 mpango huo ukageuka kuwa ugomvi wa taifa zima. Waliouvaa ni Rais Obama, maseneta, magavana, mapasta, mashirika ya Kiyahudi, jamaa za waliouawa, na watu wa majimbo ya mbali ambao hawakuwa wamewahi kukanyaga Manhattan.

Miaka imepita, na bado kisa hiki husimuliwa kwa njia mbili fupi. Wa upande mmoja husema Waislamu walitaka kujenga msikiti juu ya makaburi ya watu waliouawa na Waislamu wenzao. Wa upande mwingine husema Wamarekani wabaguzi waliwanyima raia wenzao haki ya kuabudu. Simulizi zote mbili zinaacha nje mambo mengi, na naona kiini cha ugomvi kimo humo humo katika yaliyoachwa.

Tuanze na mahali penyewe. Magazeti yaliuita mpango huo "msikiti wa Ground Zero", jina ambalo lilisafiri haraka kuliko maelezo yoyote. Kituo hakikupangwa kujengwa Ground Zero, yaani pale minara ilipoanguka. Park Place iko mitaa miwili kaskazini ya eneo la minara, na kati yake kuna majengo marefu yanayoziba macho. Agosti 2010 shirika la habari la Associated Press liliwaagiza waandishi wake waache kutumia jina hilo kwa sababu linapotosha, lakini wakati huo lilikuwa limeshazoeleka midomoni.

Je, ulikuwa msikiti? Watetezi wengi walikimbilia kujibu kwamba hapana, ni kituo cha jamii tu. Kweli, mchoro wa mwanzo ulionyesha jengo la ghorofa 13 hivi, lenye makadirio ya dola milioni 100, likiwa na ukumbi wa watu 500, bwawa la kuogelea, uwanja wa mpira wa kikapu, mahali pa kulelea watoto, shule ya mapishi, na sehemu ya kuwakumbuka waliouawa Septemba 11. Walioubuni walisema wazi kwamba wameiga vituo vya Kiyahudi vya mjini humo, hasa kile cha mtaa wa 92, ambako watu wa dini zote huenda kusikiliza muziki na mihadhara. Lakini ndani yake palikuwa pia na ukumbi wa sala wa watu elfu moja au zaidi, na kwa lugha ya kawaida huo ni msikiti. Kulificha hilo lilikuwa kosa la watetezi. Aliyesema "si msikiti" alikuwa kama anakubali kwamba ungekuwa msikiti basi pangekuwa na la kujitetea.

Jambo lililopotea kabisa katika kelele zile ni kwamba Waislamu hawakuwa wageni wa eneo hilo. Masjid Manhattan ilianzishwa mwaka 1970, ikawa Warren Street, umbali wa mitaa minne tu kutoka World Trade Center. Minara ilizinduliwa rasmi miaka mitatu baadaye. Masjid al-Farah, alikokuwa imamu Feisal Abdul Rauf tangu 1983, iko mitaa 12 kaskazini. Ndani ya mnara wa kusini wenyewe, ghorofa ya 17, palikuwa na chumba cha sala ambako wafanyakazi Waislamu walitandika miswala mchana na kurudi kazini. Waliokuwa wakitafuta nafasi Park Place ni watu wa humo humo, ambao misikiti yao midogo ilikuwa imefurika hadi wengine wakisali barabarani.

Mwanzoni habari hii haikumshtua mtu. Desemba 2009 gazeti la New York Times liliiandika ukurasa wa mbele. Wiki hizo hizo Daisy Khan, mke wa imamu na mshirika wake katika mpango huo, alihojiwa kwenye televisheni ya Fox na mtangazaji Laura Ingraham, mhafidhina anayejulikana kwa ukali wake. Mtangazaji huyo alisema haoni watu wengi wenye tatizo na mpango huo, na kwamba anapenda wanachojaribu kufanya. Ikapita miezi mitano ya ukimya.

Moto uliwaka Mei 2010. Kamati ya baraza la ushauri la wakazi wa Manhattan ya chini iliunga mkono mpango, na magazeti yakaripoti kana kwamba msikiti umepewa kibali. Mwanablogu Pamela Geller na kundi lake, lililojitangaza kuwa linapinga "kusilimishwa" kwa Marekani, wakaitisha maandamano. Baraza zima lilipokutana mwishoni mwa mwezi huo kulikuwa na saa kadhaa za machozi na kuzomeana. Kura zikawa 29 za kuunga mkono na 1 ya kupinga, huku 10 wakijizuia kupiga kura. Kisheria kura hizo hazikuwa na nguvu yoyote, kwa kuwa wenye mpango hawakuhitaji kibali cha baraza. Walikuwa wamekwenda kwa adabu ya ujirani, na mlango huo wa adabu ndio uliopitiwa na wapinzani.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yaliyochanganywa makusudi na bila kukusudia: haki na busara.

Kuhusu haki, hapakuwa na shaka kubwa. Katiba ya Marekani, katika marekebisho yake ya kwanza ya 1791, inaikataza serikali kuzuia watu wasiabudu. Mwaka 2000 Bunge lilipitisha sheria inayozikataza mamlaka za mipango miji kutumia kanuni za ardhi kuzibagua nyumba za ibada. Kiwanja kilikuwa mali binafsi, na sheria za matumizi ya ardhi za eneo lile ziliruhusu jengo la aina hiyo. Tundu lililobaki lilikuwa moja: kulitangaza jengo la zamani kuwa la kihistoria ili lisivunjwe. Wapinzani walidai kwamba kwa kuwa lilitobolewa na ndege, limekuwa sehemu ya historia ya siku ile. Agosti 3, 2010, tume ya majengo ya kihistoria ya New York ilikataa kwa kura 9 kwa 0. Kesi iliyofunguliwa na aliyekuwa mzimamoto, mnusurika wa shambulio, ilitupwa na mahakama mwaka uliofuata.

Siku ya uamuzi ule wa tume, Meya Michael Bloomberg alikwenda kisiwa cha Governors, Sanamu ya Uhuru ikionekana nyuma yake, akatoa hotuba ninayoiona kuwa bora kuliko zote za maisha yake ya kisiasa. Hakuishia kwenye sheria. Aliwakumbusha watu wa mji wake kwamba mwaka 1657 wakazi wa Flushing waliandika waraka kumpinga gavana Stuyvesant aliyewakataza Waquaker, dhehebu la Kikristo, kukusanyika, na kwamba Wakatoliki nao waliwahi kuzuiwa kuabudu hadharani. Parokia ya kwanza ya Kikatoliki mjini humo, St. Peter's, ilianzishwa miaka ya 1780, na kanisa lake bado liko Barclay Street: mtaa mmoja kaskazini ya eneo la minara, mtaa mmoja kusini ya Park Place. Ndipo mwili wa padri Mychal Judge, kasisi wa wazimamoto, ulipolazwa mbele ya altare siku ile ya Septemba. Ukiitazama ramani unaona kwamba kati ya shimo la minara na kituo kilichokuwa kikibishaniwa kulikuwa na nyumba ya ibada ya watu ambao zamani wao ndio waliokuwa wakiogopwa.

Siku kumi baadaye Rais Obama, akiwafuturisha Waislamu Ikulu, alitamka kwamba wana haki ya kujenga pale kama mtu mwingine yeyote. Kesho yake, akiwa Florida, akafafanua kwamba hakuwa akizungumzia kama kujenga pale ni busara. Wengi walimcheka kwa kurudi nyuma. Hata hivyo alikuwa amegusa mstari wenyewe, kwa sababu wapinzani wengi wa heshima walisema maneno yale yale: haki wanayo, lakini waliache.

Hoja ya busara haikuwa ya kupuuzwa, na mfano wake wenye nguvu ulitoka Poland. Mwaka 1984 watawa wa Kikarmeli walihamia katika jengo lililopakana na ukuta wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, wakiwa na nia ya kuwaombea waliouawa. Wayahudi walilia kwamba mahali palipoteketezwa watu wao panageuzwa pa Kikristo. Mvutano ulidumu miaka hadi Papa Yohane Paulo II alipowaagiza watawa wahame mwaka 1993. Walikuwa na nia njema, na bado wakahama kwa kuheshimu maumivu ya wengine. Abraham Foxman, kiongozi wa Anti-Defamation League, shirika la Kiyahudi linalopambana na chuki, alitumia mfano huo mwaka 2010 alipotaka kituo kihamishwe. Wengi walishtuka kusikia shirika hilo, kati ya yote, likisema hivyo. Mwandishi Fareed Zakaria alirudisha tuzo aliyopewa nalo.

Mfano wa Auschwitz unasadikisha hadi uulize swali ambalo kwetu huulizwa kabla ya jingine lolote panapotokea kifo: mwenye msiba ni nani? Huyo ndiye hushauriwa juu ya mazishi na matanga, na jirani mwenye busara hufuata atakavyo. Katika Auschwitz jibu lilikuwa wazi, na watawa hawakuwa wafiwa wa mahali pale kwa namna Wayahudi walivyokuwa. New York ni tofauti. Kati ya watu 2,753 waliouawa kwenye minara walikuwamo makumi ya Waislamu: wapishi na wahudumu wa mgahawa, wahasibu, wachambuzi wa fedha. Kuwaambia Waislamu wakae mbali ili wasiwaumize wafiwa ni kuwatoa kwanza katika orodha ya wafiwa.

Mfano mmoja unatosha. Mohammad Salman Hamdani alikuwa na umri wa miaka 23, mzaliwa wa Karachi aliyekulia New York. Alikuwa na mafunzo ya huduma ya kwanza na aliwahi kuwa kadeti wa polisi. Asubuhi ile alikuwa njiani kwenda kazini, akaelekea minarani kuokoa watu. Hakurudi. Wiki chache baadaye polisi walikuwa wakimuulizia kwao kama mshukiwa, na gazeti moja likaandika kichwa cha habari kilichodokeza kwamba huenda amejificha. Mabaki yake yalitambuliwa 2002, na akazikwa kwa heshima za kipolisi, meya akiwapo. Jina lake limo hata katika Patriot Act, sheria ya Marekani ya kupambana na ugaidi, kama mfano wa Mwislamu Mmarekani shujaa. Lakini kwenye mabamba ya shaba yenye majina ya waliouawa, pale Ground Zero, hakuwekwa pamoja na waokoaji. Yuko bamba S-66, miongoni mwa watu ambao waandaaji hawakupata pengine pa kuwaweka. Mama yake, Talat Hamdani, alisimama hadharani kuunga mkono kituo cha Park Place.

Wafiwa wenyewe waligawanyika. Debra Burlingame, ambaye kaka yake alikuwa rubani wa ndege iliyogonga siku hiyo Pentagon, makao ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, aliongoza upinzani kwa uchungu wa kweli. Kundi la Peaceful Tomorrows, nalo la jamaa za waliouawa, liliunga mkono kituo. Wanasiasa wakawa wanasema "familia za wahanga zinataka hivi" kana kwamba familia zote zilikaa kikao kimoja.

Ikaja hoja ya jina. Mpango uliitwa kwanza Cordoba House, kwa kumbukumbu ya mji wa Hispania ambako Waislamu, Wakristo na Wayahudi waliishi pamoja na elimu ikastawi. Newt Gingrich, aliyekuwa Spika wa Bunge, akadai kwamba Cordoba ni alama ya ushindi, kwamba Waislamu hujenga misikiti mahali walipowashinda maadui. Msikiti mkuu wa Cordoba ulianza kujengwa karne ya 8 mahali palipokuwa na kanisa. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba baada ya Wakristo kuuteka mji mwaka 1236, msikiti uligeuzwa kanisa kuu, na ni kanisa hadi leo. Historia ya karne hizo haimpi mtu yeyote silaha safi. Gingrich aliongeza kwamba pasijengwe msikiti karibu na Ground Zero maadamu Saudi Arabia hairuhusu makanisa. Hii ndiyo hoja iliyonikera kuliko zote, kwa sababu inamfanya raia wa New York awe dhamana ya ufalme asiohusika nao, na inaitaka Marekani ijipime kwa kipimo cha nchi inayoilaumu.

Imamu mwenyewe alichambuliwa neno kwa neno. Wiki tatu tu baada ya shambulio alikuwa amesema kwenye televisheni kwamba sera za Marekani zilichangia uhalifu ule, na mwaka 2010 alikwepa kuiita Hamas kundi la kigaidi. Wapinzani walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini mtu huyo huyo alikuwa ametumiwa na FBI kuwafundisha maofisa wake kuhusu Uislamu, na Agosti ile mambo yalipochemka hakuwapo nyumbani: alikuwa Bahrain, Qatar na Falme za Kiarabu katika ziara ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, akieleza jinsi Waislamu wanavyoishi kwa uhuru nchini mwake. Aliporudi Septemba alisema kwamba angejua maumivu yatakayotokea asingeanza, ila kuhama sasa kungewapa wenye siasa kali pa kusemea kuwa Marekani inaupiga vita Uislamu.

Kura ya maoni ya CNN mwezi huo wa Agosti ilionyesha asilimia 68 ya Wamarekani wakipinga. Uchaguzi wa Bunge ulikuwa Novemba, na wagombea hawakulala. Carl Paladino, aliyewania ugavana wa New York, aliahidi kutumia mamlaka ya serikali kuchukua kiwanja. Hata Harry Reid, kiongozi wa Wademokrati, chama cha Obama, katika Seneti, alisema kijengwe kwingine.

Kama shida ingekuwa umbali tu, kujenga mbali kungekuwa suluhisho. Tazama Murfreesboro, Tennessee, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ground Zero. Waislamu wa huko walipata kibali cha kujenga kituo chao Mei 2010. Agosti mtambo wa ujenzi ukachomwa moto. Wapinzani wakaenda mahakamani, ambako wakili wao alihoji kama Uislamu ni dini kweli, hadi Wizara ya Sheria ikalazimika kuandika rasmi kwamba ndiyo, ni dini. Staten Island, katika mji wa New York wenyewe, paroko aliyekubali kuwauzia Waislamu nyumba tupu ya watawa alibadili nia baada ya waumini wake kuchachamaa. Huko Florida pasta Terry Jones alitangaza kwamba Septemba 11 atachoma nakala za Kurani, akaahirisha, kisha Machi 2011 ikachomwa kanisani kwake. Ghasia zilizofuata Mazar-i-Sharif, Afghanistan, ziliua wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa ambao hawakumjua.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna uzi mmoja wa kisa hiki unaotugusa moja kwa moja. Oktoba na Novemba 2010, katika mahakama ya shirikisho ya Manhattan, mwendo wa dakika chache kutoka Park Place, Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar alikuwa akishtakiwa kwa mabomu ya balozi za Marekani ya Agosti 7, 1998, yaliyoua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Kati ya mashtaka zaidi ya 280 alipatikana na hatia moja, akafungwa maisha. Waliouawa na al-Qaeda, kundi lile lile la Septemba 11, katika miji yetu walikuwa Waislamu na Wakristo, na hatukuhitaji mtu wa kutueleza hilo, tuliwazika. Nairobi, Msikiti wa Jamia uko mwendo mfupi kwa miguu kutoka bustani ya kumbukumbu ya bomu. Ni kweli ulikuwapo tangu miongo mingi kabla ya shambulio, na kujenga upya si sawa na kukuta kilichokwisha kujengwa. Lakini anayefiwa pale na anayesali pale ni mtu wa mji ule ule.

Kituo cha Park Place hakikujengwa, na lawama zote si za wapinzani. Wenye mpango walianza bila fedha, bila kuzungumza na wafiwa mapema, na bila kukubaliana wao kwa wao. Januari 2011 imamu aliwekwa pembeni. Septemba mwaka huo sehemu ndogo ya jengo la zamani ilifunguliwa kwa maonyesho ya picha za watoto wa New York, na waandamanaji hawakuonekana tena. Baadaye El-Gamal alilivunja, na mahali pale pakapanda mnara mwembamba wa ghorofa 43 wa makazi ya kifahari. Waliopiga kelele kwamba ardhi ile ni takatifu hawakuandamana kuyapinga makazi hayo. Kanisa la Kiorthodoksi la St. Nicholas, lililofukiwa na mnara wa kusini siku ile, lilijengwa upya na kutabarukiwa Julai 2022.

Murfreesboro walishinda. Kituo chao kilifunguliwa Agosti 2012, ndani ya mwezi wa Ramadhani. Septemba 2021 Jonathan Greenblatt, aliyemrithi Foxman, aliwaomba radhi Waislamu kwa msimamo wa shirika lake juu ya Park Place, akaandika kwamba walikosea. Ilikuwa imepita miaka 11, na hapakuwa tena na kituo cha kukiunga mkono.